Nyama ya Bei Nzuri

Kaeni, wapendwa. Mfano wa leo nitauanza mkiani niende kichwani. Nikianza kichwani mtasema mmeshajua unakokwenda, mtaanza kujipepea na karatasi za matangazo. Nawafahamu.

Katika mji mmoja mdogo, wenye stendi moja, bucha moja na kanisa moja, kulikuwa na msiba. Mzee mmoja mfugaji alikuwa ameuawa. Watu walijaa uani kwake, na pilau ikapakuliwa, yenye minofu mikubwa, si ile nyama ya msibani tunayoitafuta kwa tochi. Mjane wake, mama ambaye macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho, akawekewa sahani mapajani. Akainusa. Akaimwaga mchangani.

"Mama, kula kidogo," wakamwambia. "Mwili una haki yake."

"Kuleni nyinyi," akasema. "Mimi siwezi kumla mume wangu."

Wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Uchungu umemchanganya, maskini." Kisha wakaendelea kula, na wengine wakaongezwa. Je, wewe ungeiweka sahani chini? Usinijibu, nimeshawahi kukuona msibani.

Kwa nini mama alisema vile? Turudi nyuma, asubuhi ya siku ile ile. Nyama ililetwa kwa mkokoteni, imefunikwa ngozi ya ng'ombe mwenyewe isiingie vumbi. Mkokoteni ukasimama karibu na mkeka alipokaa mjane, naye akanyoosha mkono kujua ni kitu gani. Vidole vikapita kwenye manyoya, vikapanda mpaka begani, vikakuta kovu lililopinda. Kovu lile alilishona yeye mwenyewe kwa sindano ya magunia, mwaka ule fahali wao alipochanwa na senyenge, wakati macho yake bado yanaona. Aliurudisha mkono akaufuta kwenye kanga, akaufuta tena na tena.

Haya, na ngozi ya fahali wa marehemu ilifikaje juu ya nyama ya msiba wa marehemu? Turudi nyuma tena, jana yake mchana. Kanisa lile lilikuwa na sherehe ya kuzindua kengele mpya, askofu anakuja, ng'ombe ameshachinjwa. Mara zikaja habari kwamba mzee, muumini wao, ameokotwa amekufa. Sherehe ikaahirishwa. Kamati ikakaa, na unadhani ilizungumza nini kwanza? Nyama.

"Itaoza," akasema mwenyekiti. "Tuipeleke msibani, iwe rambirambi ya kanisa."

Wakampigia makofi. Kumbe kitu cha mtu ni chepesi sana kukitoa sadaka.

Turudi nyuma tena, alfajiri ya siku hiyo. Mwenye bucha anafungua mlango, anawakuta vijana wawili na fahali mwekundu. Hawana kibali cha mnada. Kamba ya fahali imekatwa kwa panga, na ncha yake ina damu. Mwenye bucha ana macho mazima, hana mtoto wa jicho. Aliuliza swali moja tu: "Mnataka shilingi ngapi?" Wakaelewana, akanoa kisu.

Na ile damu? Nyuma tena, jioni iliyotangulia, lamboni, mzee ametoka kumnywesha fahali wake. Vijana wale wale wakamzingira. Mzee hakuwa na nguvu za kupigana na mtu, ila kamba hakuiachia. Mmoja wao alikuja kuyasimulia haya polisi huku analia.

"Mzee, achia!" walimwambia.

"Wanangu, chukueni simu, chukueni na koti. Huyu niachieni. Huyu ndiye macho ya mke wangu."

Wakampiga rungu. Akaanguka na kamba mkononi, na vidole havikufunguka, ndiyo maana wakaikata.

Lakini nani aliwaambia wale vijana kwamba kuna soko? Mwenye bucha. Aliwaambia kuna watu wanataka ng'ombe mnene kwa bei poa, tena haraka. Na mwenye bucha aliambiwa na nani? Aliitwa na kamati ya kanisa, Jumapili kabla ya hapo, baada ya ibada.

"Tutafutie ng'ombe," mwenyekiti alimwambia. "Bei iwe nzuri. Utamtoa wapi, hilo ni lako, sisi hatumo."

Wakafunga kikao kwa sala.

Sasa tumefika kichwani. Kabla mwenye bucha hajaitwa, katika kikao kile kile, mtu alibisha hodi. Ni mzee yule, mzima kabisa, kofia ameishika mkononi.

"Viongozi wangu, shikamooni," akasema, ingawa karibu wote aliwazidi umri. "Nimesikia mnatafuta ng'ombe. Mimi ninaye mmoja, fahali. Namuuza ili mama akafanyiwe upasuaji wa macho. Bei yangu ni ile ile ya mnadani, sijaongeza kitu."

"Mzee, hii ni kazi ya Mungu," mwenyekiti akamjibu. "Punguza."

"Ningepunguza, baba. Daktari ndiye hapunguzi."

Wakacheka. Naye akacheka nao, kwa adabu.

"Basi mzee wetu, rudi na ng'ombe wako," mwenyekiti akasema. "Mungu atatupa mwingine."

Hakuwapa mwingine. Walimla huyo huyo. Walimkataa kwa bei ya macho, wakamchukua kwa bei ya damu, wakamrudishia mwenyewe kwenye sinia, na juu yake wakataka washukuriwe.

Mtaniambia, Mchungaji, wezi walikamatwa, tuombee magereza. Wezi nimeshawaombea. Leo nasema na walaji. Nasema na sisi, tunaopenda bei nzuri na tusiopenda kuuliza, tunaosema "sisi hatumo" halafu tunafumba macho kwa sala.

Pale nje, chini ya turubai la bluu, kuna mabati ya paa letu jipya. Yameletwa juzi. Kamati imeniambia, "Mchungaji, tumebahatika, tumeyapata karibu na bure." Nikauliza, tumeyapata kwa nani? Wakacheka. Wakaniambia, "Wewe hubiri tu."

Haya, nahubiri. Watoto wa shule ile ng'ambo ya reli wamesoma juani wiki nzima. Mmeambiwa ni upepo ulioezua paa lao. Mimi nilikwenda jana kutazama. Misumari imeng'olewa mmoja mmoja, imerundikwa pembeni ya ukuta. Upepo gani huo unaopanga misumari? Na hapa tulipo wamo wazazi wa watoto wale, wametoa sadaka yao ya kununulia mabati, wakasema amina.

Kwaya, kaeni chini. Leo hatuimbi. Mwenyekiti, nakuomba usimame, ndugu yangu, uwaambie hawa wazazi yale mabati aliyaleta nani.

Sina haraka. Nangoja.