Hodi ya Tatu

Sogeeni, hadithi ipate pa kukaa!

Alikuwapo Mize, mjane aliyepanda kunde uani. Kila siku paa wa mwituni walimlia kunde zake. Akaweka miiba, akafukiza moshi, akasimamisha sanamu la matambara, wakaja vilevile. Ndipo zimwi moja likamtokea, likampa uzi mwekundu.

"Uzungushe uani. Watapiga hodi kama watu. Usiseme karibu, hatavuka hata mmoja."

Adhuhuri, "Hodi!" Mize akauma ulimi. Akachungulia: paa huyo, anakwenda zake.

"Hodi hodi!" Akachungulia: paa tena.

"Hodi, Mize mwanangu! Fungua, jua linaniunguza."

Sauti ya mama yake, akaaye ng'ambo ya mto! Mize akadhani ni hila ya paa, akajiziba mdomo kwa leso. Hata kukawa kimya.

Akachungulia. Chini palikuwa na kikapu cha mama, kimejaa vitumbua. Nyayo za mtu zilikuja mpaka kwenye uzi. Zilizoondoka zilikuwa za kwato za paa.

Mize akaukata uzi. Kunde zimeliwa hadi mashina, naye yuko mlangoni bado, akimwambia kila paa, "Karibu, mama. Karibu."

Hadithi imelala hapo. Nanyi mkipigiwa hodi, itikeni.