Mguu, Jicho au Mkono

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mwenye kazi mkononi aiweke chini, maana hadithi hii siwezi kuisimulia polepole, nikienda polepole maneno yanakwama. Nawakabidhi watu watatu. Mwishoni nitawaomba mnirudishie mmoja tu.

Wa kwanza anaitwa Lwitiko, dereva wa fuso ya viazi. Kipaji chake kipo makalioni, msicheke, ni kweli. Akishakaa kwenye kiti anajua gari linaelemea wapi kabla gari lenyewe halijajua. Wenzake wakipakia vibaya, anasema bila hata kugeuka, "Gunia moja la kushoto lihamie kulia," na likihamishwa gari linatulia.

Wa pili anaitwa Sekela, mama wa pikapu ya maziwa. Kipaji chake ni kutorudi nyuma. Wanaume wa gulioni wanamtania kwamba Mungu alipomuumba alisahau kumwekea gia ya rivasi, na yeye anawajibu, "Ninyi mliwekewa rivasi tupu."

Wa tatu anaitwa Asajile, mlinzi wa shamba la miti la tajiri mmoja, kule juu milimani kwenye baridi. Kipaji chake ni shabaha. Rungu lake likitoka mkononi, hesabu limeshafika. Nyani wa huko wakiona koti lake tu wanahama kilima.

Na kuna mtoto. Ni wangu, wa kike, mchanga bado, na hadi leo hana jina; siku ile ndiyo kwanza nilikuwa nampeleka kwa baba mkwe akampe. Kwenye ukoo wa mume wangu jina lina uzito. Mtu ambaye mtoto amepewa jina lake anaitwa wajina, na wajina ana haki: mtoto akishaacha ziwa anahamia kwake msimu mzima, analala chini ya paa lake, anakula cha chungu chake, na posa yake haipokelewi kama wajina hajakaa kikaoni. Sasa, mtoto aliyeponyoka kifo hapewi jina la bibi yake marehemu. Anapewa jina la aliyemponya. Jina moja, la mtu mmoja. Shikeni hapo.

Basi. Ilikuwa alasiri, mimi na mtoto tumekaa mbele kwenye fuso ya Lwitiko, barabara kuu imefunikwa na udongo ulioporomoka, ukungu umeshuka, hatuoni mbele wala pembeni. Lwitiko akaona njia ya kando, safi, imechongwa, mipaina kushoto na kulia, mnyororo umekatiza kati ya nguzo mbili. Pana kibao: NJIA BINAFSI, USIPITE. Nilikisoma kwa sauti. Akaniambia, "Dada, vibao vimewekewa watu wasio na haraka," akashuka, akaufungua mnyororo, tukaingia.

Tukapanda. Njia ikagawanyika, tukashika kulia, ikagawanyika tena, tukashika popote. Nyuma yetu nikaona taa za gari. Lwitiko akafurahi: "Unaona? Watu wanapita huku!" Halafu mbingu ikapasuka. Mvua ya mawe, jamani, mimi nimezaliwa milima hiyohiyo lakini ile sikuwahi kuiona, mawe yanapiga bodi mpaka hatusikiani, na ilipokatika dunia nzima ilikuwa nyeupe, njia nyeupe, miti nyeupe, barafu imefunika viatu. Fuso ikajaribu kupanda, ikateleza, ikarudi kinyumenyume kuelekea ukingo wa korongo. Lwitiko akavuta breki ya mkono, akaruka chini, akasukuma jiwe kubwa nyuma ya tairi. Ikasimama.

Yule wa nyuma, aliyesimama chini kidogo yetu, naye akashuka. Ndiye Sekela.

"Kaka, hivi njia hii inatokea wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nilipoona taa zako nikajua hatujapotea."

"We! Mimi si nilikuwa nakufuata wewe!"

Tukacheka. Kweli tulicheka, wote watatu, katikati ya barafu.

Lwitiko akasema tukate matawi tutandike chini ya tairi zipate kushika. Mbali tukasikia mbwa wanabweka. "Mwache mtoto humo ndani kwenye joto," akaniambia, "nafunga milango kwa ufunguo, mbwa hawatamfikia." Akafunga, ufunguo akautia mfuko wa shati. Akachukua panga, akaanza kukata matawi ya mipaina michanga, mimi na Sekela tunabeba. Mengine tukayaweka chini ya tairi, mengine akayapanga njiani kwenda chini mpaka kwenye kona. Nanyi mnajua, ukikuta matawi mabichi barabarani unajua mbele gari limekwama, unapunguza mwendo. Kila dereva anajua.

Lakini walinzi wa shamba la miti si madereva. Kwao tawi bichi lililokatwa lina maana moja. Siku chache nyuma wezi wa miti walikuwa wamemkata mlinzi mwenzao shoka la shingo, na udongo wa kaburi lake ulikuwa haujakauka. Asajile na mdogo wake Mbonile waliyaona yale matawi, wakayafuata moja baada ya jingine, kupanda, kupanda, mpaka wakamkuta mtu ameshika panga, mikono imejaa utomvu.

Hawakuuliza. Rungu lilikuja kabla ya sauti. Nikasikia mfupa wa mkono wa Lwitiko unavunjika, kama kuni kavu, panga likaanguka, na mbwa wawili wakawa juu yake, mmoja ameng'ata paja, mwingine kararua shati na mfuko wake, na ufunguo ukapotelea huko kwenye weupe.

"Sisi ni wasafiri!" Lwitiko analia. "Tumepotea, ndugu zangu, tumepotea!"

"Hata waliomuua mwenzetu walijiita wasafiri," Mbonile akamjibu. Akaliokota lile panga la Lwitiko mwenyewe. Akamkanyaga kifuani, akaliinua.

Sekela akageuka huku na huku, anatafuta kitu, chochote, na chini kote ni barafu tupu isipokuwa jiwe moja. Akalishika kwa mikono miwili, akamfikia Mbonile, akampiga nalo la taya. Meno yakamwagika juu ya barafu na damu nyuma yake, Mbonile akaenda chini kama gunia. Asajile akapiga ukelele, "Mdogo wangu!" akamrukia Sekela, akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye bodi ya fuso, mara moja, mara ya pili, "Mchawi mkubwa we, umeniulia mdogo wangu!" na Sekela anampiga mateke, anamng'ata mkono, anamtemea damu. Mimi nimesimama nimeganda, nimekumbatia matawi.

Ndipo nikaona tairi inazunguka. Polepole. Lile jiwe lililokuwa mkononi mwa Sekela lilikuwa jiwe la kuzuia fuso.

"Mtoto!" Sijui nilipiga yowe kiasi gani, koo liliniuma hadi wiki iliyofuata. "Mtoto wangu yumo ndani!"

Asajile akaziachia nywele. "Mtoto gani?"

"Wangu! Amefungiwa!"

Sasa sikilizeni vizuri, kila mtu na lake.

Lwitiko alikuwa amelala kwenye damu yake, mkono mmoja unaning'inia, mbwa bado yuko pajani. Akasikia fuso inaelemea upande gani, aliisikia kupitia ardhini. Akajiburuza na mbwa wake, akavuta gogo la mpaina kwa mkono uliobaki, akalisukumia chini ya tairi ya kushoto, hiyo na si nyingine, na gogo lilipokuwa fupi akaongezea mguu wake. Tairi ikaupanda mguu, ikasimama. Alilia kilio ambacho sitawaigizia. Angekosea tairi, fuso ingekwenda saa ileile.

Sekela alikuwa haoni vizuri, uso mzima damu. Akasikia gogo linaanza kupasuka. Akaingia kwenye pikapu yake, akapandisha nayo mlima, akaikita nyuma ya fuso na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Gogo likapasuka, fuso ikashuka na tani zake za viazi, ikaukunja mdomo wa pikapu kama karatasi, kioo kikamrukia usoni, na pikapu inasukumwa kuelekea korongoni, na yeye yumo ndani, mguu kwenye mafuta, anapiga kelele, "Mtoeni! Mtoeni!" Angeruka mapema, fuso ingekwenda saa ileile.

Asajile alikuwa na mdogo wake pale chini, anakoroma damu. Akamtazama. Akaokota rungu. Mtoto yuko kwenye kiti upande wa dereva, fuso inateleza huku inayumba, na Asajile akalirusha rungu kwenye kioo cha upande wa pili, likapita kwenye kona ya kioo, vipande vyote vikamwagika kwenye kiti kitupu, wala kimoja hakikumgusa mtoto. Akakimbia, akadaka dirisha, akajitupa ndani kichwa kichwa. Meno ya kioo yakamchana mkono wa kulia kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Akatoka na mtoto kifuani ndani ya koti, akaanguka mgongo chini, mtoto juu. Angekosea shabaha, au angesita, fuso ingekwenda nao wote wawili.

Sekela alipoona koti liko nje, alifungua mlango akajiangusha. Fuso na pikapu zikaenda. Tulisikiliza zinavyoshuka, muda mrefu, na maziwa na viazi.

Mtoto hakulia. Alikuwa amelala, jamani. Amelala!

Lwitiko amekatwa mguu, ule wa kukanyagia breki. Sekela amepoteza jicho. Asajile mkono wake wa kulia haufumbi tena, hawezi kushika rungu wala kijiko. Mbonile yu hai, lakini anakula uji na kuongea kwa vidole.

Jumapili iliyopita baba mkwe aliwaita wote watatu nyumbani. Shangazi wa mume wangu akaanza: "Mtoto aitwe Lwitiko. Jina letu halichagui mwanamume wala mwanamke. Bila mguu wake wengine wangewahi nini?"

Mama mkwe akadakia, "Na nani alifungua mnyororo wa watu? Nani alimfungia mtoto akapoteza ufunguo?"

"Basi Sekela," akasema shemeji. "Aliizuia fuso mwanamke peke yake."

"Aliizuia baada ya kuondoa jiwe!" mama mkwe akadakia tena.

Sekela akageuza kichwa kizima, maana upande ule haoni. "Mama, ningeacha jiwe, leo Lwitiko angekuwa vipande. Ninyi mngechagua kipi? Nimebaki na jicho moja lakini naliona hilo."

"Aliyemshika mtoto ni Asajile," mjomba akasema. "Wenzake waliishika gari. Yeye alimshika mtoto."

Lwitiko akacheka, kicheko kibaya. "Aliyenivunja mkono ndiye apewe mtoto? Angeuliza neno moja tu, 'Ninyi nani?' wote tungefika salama."

Asajile hakukaa kwenye kiti, alisimama mlangoni, mkono mbovu kauficha kwenye koti. Lilikuwa koti lilelile. "Sikuja kuomba," akasema. "Ila mjue, mdogo wangu alikuwa anatapika damu pale, akaninyooshea mkono. Nilimruka."

Baba mkwe akanigeukia. "Mama mtoto, mimi nimeshindwa. Taja wewe."

Mtoto alikuwa mapajani kwangu, ameamka, anatafuna ncha ya kitenge. Nikamtazama Lwitiko, nikakumbuka kile kibao nilichokisoma. Nikamtazama Sekela, nikaliona jiwe. Nikamtazama Asajile, na hapo nikausikia tena ule mfupa, kama kuni kavu, na nikawaza mwanangu analala msimu mzima kwenye nyumba yake, halafu nikawaza yuko hai kwa sababu ya koti lile. Niliomba nipewe hadi Jumapili ijayo.

Jumapili yenyewe ni kesho. Watakuja tena wote, mmoja kwa gongo, mmoja akigeuza kichwa kizima, mmoja na mkono ndani ya koti, na baba mkwe ataniambia, taja. Sasa wewe uliyekaa hapo umenyamaza, tuseme mtoto huyu ni wako, yuko mapajani kwako, na jina ni moja tu: je, wewe ungemwitaje?