Injinia na Ubao wa Mtaroni

Mwaka 1995 mji wa Kyela ulikuwa umechangamka. Tangu biashara ziachiwe huru, bidhaa zilipita mpakani Kasumulu kutwa kucha, na maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalijaa vitenge, redio na baiskeli. Mojawapo lilikuwa la Mzee Ridhwani, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani. Mbele ya duka lake ulipita mtaro usiokauka hata Julai, na juu ya mtaro ulilazwa ubao mnene wa kuvukia wateja.

Julai ya mwaka huo Angetile alirudi likizo kwao Ngonga kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alikokuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi. Kijiji kizima kilimwita Injinia. Baba yake, mkulima wa mpunga, alimchinjia jogoo na kumtembeza kwa majirani kama mtu anayeonyesha ng'ombe mpya. Laiti wangejua. Ndani ya begi la Injinia mlikuwa na barua: amefeli statiki, somo la nguvu zinazokifanya kitu kitulie kisianguke. Angerudia mtihani Septemba. Akifeli tena, chuo basi.

Akili hakupungukiwa. Alichokuwa nacho ni majivuno, tena ya kugawa. Mhadhiri alisisitiza kwamba kila swali huanza kwa mchoro: kichore kitu peke yake, kitenganishe na kila kinachokigusa, kisha weka mshale mahali pa kila mguso. Angetile aliona huo ni utoto. Akiliona swali tu, alirukia kanuni. Darasani mwao alikuwemo Naila, binti wa Mzee Ridhwani, ambaye alichora hata maswali mepesi. Angetile alimwambia mbele ya wenzake kwamba michoro ni ya chekechea. Matokeo yalipotoka, Naila alipata A.

Majuma mawili alijifungia na daftari, lakini majibu yaligoma. Mwishowe alipanda baiskeli kwenda mjini. Alifika dukani, akamwamkia mzee, akanunua betri, akaondoka. Kesho yake akanunua betri tena. Siku ya tatu Mzee Ridhwani alimtazama juu ya miwani.

"Kijana, hiyo redio yako inazila betri?"

Wateja walicheka. Angetile alitamani ardhi ipasuke immeze, ila aliikumbuka Septemba. Akasema, mbele ya wote, kwamba amefeli mtihani na amekuja kumwomba Naila amfundishe. Kisha akamgeukia Naila, aliyekuwa akipima vitambaa pembeni ya baba yake, na kumwomba radhi kwa maneno yake ya darasani.

Naila hakumcheka wala hakumhurumia. Alichukua kipande cha mkaa na futi ya kupimia vitambaa, akamtoa nje hadi kwenye ubao. Alimweleza kuwa una urefu wa mita nne na uzito wa kilo thelathini. Mtu wa kilo sitini, kama yeye Angetile, akivuka kutoka dukani, ncha ya dukani itabeba kiasi gani akifika mwisho kabisa, upande wa barabara?

Angetile alijibu amesimama, mikono mfukoni. Ubao umeegemea ncha zake mbili. Mtu akiwa ncha ya barabara, uzito wake wote unabebwa huko, na ya dukani inabaki na nusu ya uzito wa ubao. Kilo kumi na tano.

"Haya, nenda ukasimame hapo mwisho."

Alitembea kwa madaha. Alipokanyaga ncha, ubao ulizama chini yake, ule upande wa dukani ukainuka juu, na Injinia akaishia na mguu mmoja mtaroni. Safari hii hata Mzee Ridhwani alicheka. Wenyeji wote wa mtaa walijua kwamba kipande kile cha mwisho hurukwa; hata Angetile siku zote tatu alikiruka kwa kuiga wengine, bila kujiuliza kwa nini.

"Umehesabu ubao uliokuwa kichwani mwako," Naila alisema. "Huu hujautazama. Chuchumaa, uone unagusa wapi."

Angetile aliona haya, kwa maana barabarani walipita watu wa Ngonga waliomfahamu. Hata hivyo alikunja suruali, akapiga magoti kwenye tope, akachungulia chini ya ubao. Ncha ya barabara haikugusa kitu. Egemeo lilikuwa jiwe, na jiwe lilikuwa mita moja ndani.

Hapo hapo akiwa magotini, alichora kwa mara ya kwanza: ubao peke yake, mshale wa uzito wake katikati, mshale wa mtu, mshale wa jiwe, mshale wa dukani. Alihesabu kutoka kwenye jiwe. Mtu akilipita kwa nusu mita, upande wa dukani haubebi chochote. Akizidisha hatua, unainuka. Aliweka alama ya mkaa mahali hapo, akapanda, akasogea taratibu. Kisigino kilipovuka alama, ubao ulianza kunyanyuka. Angetile alifurahi kuliko siku alipoitwa Injinia mara ya kwanza.

"Ndaga fijo," alisema, akimshukuru kwa Kinyakyusa, naye Naila akamwambia arudi kesho na daftari tupu.

Alirudi kila siku. Alichora ngazi iliyoegemea ukuta, mizani ya dukani, hata vyungu vilivyopangwa kwenye mitumbwi ya Lyulilo, ufukweni mwa ziwa. Kabla ya kuchora kitu alikizunguka na kukichungulia chini, na watu wakazoea kumwona na tope magotini. Baba yake alipouliza, alimwonyesha barua. Baba aliisoma, akaikunja, kisha akampa nauli ya Dar es Salaam.

Mwisho wa Septemba simu ya duka ililia. Mzee Ridhwani alimpa Naila mkono wa simu.

"Nimefaulu," Angetile alisema. "Nimepata C."

"Ulichora maswali yote matano?"

"Manne. Michoro ilinila muda, la tano sikuligusa."

"Basi hayo manne uliyajua," Naila alisema.

Angetile alilia hapo hapo kwenye simu, na hakujali nani anamwona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.