"Zana Zetu," Alisema Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na shule porini, na mwalimu asiyeshiba!

Mwalimu huyo ni Fisi, mkongwe wa shule. Siku moja akaja Nguchiro, mwalimu mpya, mdogo wa umbo, kazi yake bado ya majaribio. Mwalimu Mkuu Nyati akasema, "Mtashika darasa moja, mfundishane. Nguchiro, Mkaguzi Tembo asiporidhika nawe, unarudi kuchimbua wadudu."

Nguchiro akatengeneza zana za hesabu, za kokoto. Fisi akaja, chechema chechema. "Zana zetu hizi, mwanangu!" Akampelekea Nyati: "Tazama zana zangu, Mkuu."

Nguchiro akatengeneza za mbegu. Fisi akaja, chechema chechema. "Zana zetu hizi, mwanangu!" Akampelekea Nyati: "Tazama zana zangu, Mkuu."

"Shikamoo, mwalimu," Nguchiro akasema. "Nami nifundishe basi."

"Marahaba. Jifunze kwa kuniangalia." Akalala, khorr, khorr.

Nguchiro alilia kwa uchungu. Kisha akafuta machozi, akatengeneza zana za mifupa mibichi, imejaa uboho. Akawazoesha watoto: "Mkiulizwa mnaona nini, semeni mnachokiona."

Mkaguzi Tembo akaja. Fisi akanyakua mifupa, akasimama mbele. "Zana zangu hizi, Mkaguzi! Haya watoto, miwili jumlisha mitatu. Mnaona nini?"

"Tunaona mitano, mwalimu!"

Harufu ikampanda Fisi puani. Kacha!

"Mnaona nini?"

"Tunaona minne, mwalimu!"

Kacha, kacha!

"Mnaona nini?"

"Tunaona miwili, na mwalimu anatafuna!"

Tembo akanguruma, "Fisi, ondoka shuleni leo hii! Nguchiro, endelea na kazi."

Nguchiro akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kumbe kacheka mapema. Maana mkongwe hafukuzwi, huhamishwa. Fisi akapewa ofisi, akawa mlezi wa walimu wapya wa pori zima. Tangazo lake la kwanza likapigwa kwa ngoma, ndu ndu ndu: "Walimu wapya, njooni kwenye semina ya kushirikiana! Kila mmoja aje na zana zetu. Za mifupa ndizo bora!"

Nguchiro akainama, akaanza kukusanya mifupa.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu, ni yetu. Ikiwa chungu, ni yako wewe uliyeisikiliza. Na funzo lake: mwalimu mpya, shirikiana na mkongwe. Umoja ni nguvu, hasa kwa mwenye meno.