Sultani Aliyeuonea Wivu Mwezi

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Tarufa, uliokuwa na malango saba na bustani zisizokauka, alitawala Sultani Munadhiri bin Fakhruddini, mwenye kasri la marumaru na hazina isiyopimika na majeshi ya bara na bahari, na juu ya hayo yote alikuwa na mke mmoja tu, Bibi Raihani, aliyempenda kuliko mboni za macho yake. Lakini Mwenyezi Mungu alipomaliza kumpa mtu huyu neema zote alimwachia na wivu pia, na wivu wake haukuwa ule tuliouzoea. Hakumwonea waziri, wala mshairi, wala kijana yeyote mwenye kilemba kizuri. Aliuonea mwezi.

Sababu yake ni hii. Kila mwezi ulipopevuka, Bibi Raihani aliswali magharibi, kisha akapanda peke yake kwenye roshani ya juu akiwa na bakuli la udongo lenye maji, akatia ubani kidogo kwenye chetezo, akakaa kimya mpaka sura ya mwezi ikaonekana ndani ya bakuli, na hapo akainama akanong'ona. Alinong'ona kwa muda mrefu. Akishuka, uso wake hunawiri, na mumewe akimuuliza alikuwa akisema nini, humjibu kwa adabu kwamba hayo ni mambo yake na mwezi.

Jibu hilo lilimkosesha sultani usingizi. Alimuuliza waziri wake kama kuna njia ya kuuzuia mwezi usichomoze juu ya Tarufa, na waziri, ambaye alikipenda sana kichwa chake, akajibu kwamba jambo hilo linahitaji kufikiriwa, akaenda kulifikiri na mpaka leo hajaleta jawabu.

Ndipo akaitwa Bi Tufaha, somo mzee aliyewafundisha wanawake wa mji ule mambo ya mwezi mpevu, na Bibi Raihani akiwa mmoja wao. Sultani akamwamuru amfundishe na yeye, kwa siri. Bi Tufaha akaficha kicheko ndani ya ukaya wake, akamweleza kwamba mambo yenyewe ni mepesi. Mtu hutawadha, akavua viatu, akatafuta bakuli la udongo na maji safi na punje chache za ubani. Husubiri mwezi uingie majini. Hutaja jambo moja linalomlemea na jambo moja analolitaka, kwa sauti ndogo, pasipo kuamuru, kisha hunawa uso kwa maji yale na yanayobaki akayamwaga kwenye shina la mti.

"Na ulishike hili, Maulana," akasema. "Anayeanza huomba kilicho chake. Cha mwenzio usikiguse, hata kama mwenzio ni mkeo."

Sultani akasema ameelewa, na alisema upesi mno.

Mwezi ulipopevuka tena, mkewe akapanda juu na yeye akateremka bustanini. Bakuli la udongo aliliona halimfai mtu wa cheo chake, akaweka la dhahabu, na badala ya punje za ubani akamimina kwenye chetezo konzi nzima ya udi wa thamani, moshi ukatanda bustani yote. Mwezi ulipoingia majini, maji yakachemka, akatoka jini mrefu kupita minara, akikohoa na machozi yakimchuruzika.

"Mimi ni Sarjami, mtumishi wa mwezi mpevu," akasema jini, "na nimefungwa kwa ahadi kumtimizia kila anayeanza haja yake ya kwanza. Sema, ewe sultani, moshi wako unaniumiza."

"Niletee maneno yote ambayo mke wangu ameuambia mwezi."

Jini akamtazama, akamuuliza kama asingependa kutafakari kidogo. Sultani akajibu kwamba ametafakari miaka kumi. Basi Sarjami akatoweka na kurudi kwa kupepesa jicho, mkononi ana chupa ya buluu iliyozibwa kwa nta. Akamwambia kwamba maneno yote yamo humo, na akiondoa kizibo atayasikia mara moja, kisha yatapeperuka yasionekane tena duniani. Akaingia majini akaenda zake.

Sultani hakuwahi kuifungua, kwa kuwa alisikia hatua za mkewe ngazini, akaificha chupa ndani ya joho. Bibi Raihani akaja mpaka mbele yake, akafumbua kinywa amsalimu, na haikutoka sauti. Akajaribu tena. Akajishika koo, akamtazama mumewe kwa hofu.

Waganga wa Tarufa hawakufaa kitu. Asubuhi sultani alimwendea Bi Tufaha akamweleza yote, na bibi huyo, bila taadhima yoyote, akamwambia kwamba maneno ambayo mtu huuambia mwezi ndiyo mizizi ya maneno yake mengine. Akiyasikiliza, mkewe atakuwa bubu mpaka kaburini. Akingoja mwezi mpevu ujao, akaifungua chupa ndani ya maji ya bakuli la mkewe, maneno yatarudi kwa mwenyewe, na yeye hatasikia hata moja.

Mtu mwingine angeona hapo hapana la kuchagua. Munadhiri aliona lipo. Alikwenda na chupa barazani, akala nayo, akalala nayo, na siku moja alipoitegea sikio akasikia kicheko cha Raihani humo ndani, kicheko cha mtu aliyejiachia, ambacho hakuwahi kukisikia tangu amwoe. Na mumewe, Raihani humchekea amefumba midomo! Mwezi ulifanya nini mpaka ukachekewa hivyo? Wivu ukampanda, akaanza kuichimba ile nta kwa ukucha, na akaichimba tena kesho yake. Waziri naye akamnong'oneza kwamba mke asiyesema ni neema ambayo wanaume wengi wanaiomba. Sultani akamfukuza barazani, na alipokaa peke yake akaona aibu, kwa kuwa mawazo yake mwenyewe hayakuwa mbali na hayo.

Lakini kila asubuhi kahawa yake ilipoa bila mtu wa kumgombeza. Alipotoa hukumu mbovu hapakuwa na wa kumwambia usiku kwamba ni mbovu. Bibi Raihani alikaa kando yake, akakumbuka jambo, akafumbua kinywa, kisha akakifumba na kugeukia dirishani. Sultani aliumia kuliona hilo, na bado aliitaka siri.

Jioni ya mwezi mpevu alisimama chini ya ngazi, nta imebaki kidogo sana. Bibi Raihani akampita na bakuli lake na chetezo chake akipanda juu. Hana neno hata moja, na bado anauendea mwezi! Sultani alidhani wivu utamuua pale pale. Akamfuata, akamkuta ameinama juu ya maji, midomo inacheza bila sauti, na machozi yakidondokea bakulini.

Akapiga magoti.

"Bibi, maradhi yako ni mimi. Nilimtuma jini akuibie maneno yako, kwa kuwa niliuonea mwezi wivu. Haya hapa, sijayasikia. Na Mungu anajua ninavyotamani kuyasikia hata sasa."

Akaizamisha chupa majini, akang'oa kizibo. Mapovu yakapanda moja moja, yakapasuka kimya mbele ya macho yake, na yeye akayatazama mpaka la mwisho.

Bibi Raihani akakohoa. Sultani akainamisha kichwa, akingoja shukrani au laana.

"Shuka chini, bwana," akasema mkewe. "Nimekaa kimya muda wote huu, nina mengi ya kuuambia mwezi. Mengine yanakuhusu."

Akashuka. Akaketi kwenye daraja la mwisho la ngazi, na haukupita muda akasikia kile kicheko kikitoka juu, na wivu ukamchoma vilevile kama zamani. Akakaa hapo hapo mpaka mkewe aliposhuka, wakaingia ndani pamoja.

Wakaishi katika neema na heshima, wakajaaliwa watoto, na Bi Tufaha akapewa nyumba nzuri yenye kisima. Na funzo la hekaya hii ni kwamba mume hana haki ya kila neno la mkewe, wala mke ya kila neno la mumewe, na wivu hautibiwi kwa kulijua neno hilo. Sultani Munadhiri alizeeka nao wivu wake. Lakini ngazi zile hakuzipanda tena mpaka aitwe, na hao wanaojua kama aliwahi kuitwa hawasemi.