Mtamba Mmoja kwa Maabara Nzima

"Sasa ng'ombe huyu nimfunge mlangoni kwa nani?"

Mzee Ambakisye aliuliza swali hilo mchana kweupe, mbele ya maabara ya hospitali moja ya rufaa, kamba mkononi, na mtamba wake mwekundu akitafuna maua ya uongozi kana kwamba yalipandwa kwa ajili yake. Waliosikia walikuwa wengi. Wauguzi walisikia. Mlinzi alisikia. Wagonjwa waliopanga foleni na vikopo vyao vya choo walisikia. Kila mtu akageuka kumtazama ng'ombe, kama vile ng'ombe ndiye aliyeulizwa.

Mimi sipendi swali zuri liachwe limesimama juani. Kwa hiyo nimelileta hapa. Wenye masikio wasogee, wenye majibu ya haraka wayameze kwanza.

Ndani ya maabara ile walikuwamo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Siwema, wa meza ya kemia, alijaliwa kutilia shaka: ukimletea habari njema anakuuliza nani kasema. Dokta Kokubelwa, wa hadubini, alijaliwa jicho: mtu aliyemwona mara moja utotoni anaweza kumtambua leo kwa kisogo. Na Hamad, kijana wa Pemba, wa chumba cha vinasaba, alijaliwa ubishi. Waliosoma naye wanasema alikuwa akibishana hata na saa ya ukutani, na mara nyingine ni saa iliyokuwa na makosa.

Sasa msikilizeni Tusajigwe, binti wa Mzee Ambakisye. Alikuja hospitali kung'oa jino. Basi! Jino lilikuwa likimuuma, fizi zinatoa damu, na mapajani alikuwa na madoa ya bluu ambayo hakumwonyesha mtu, kwa aibu. Daktari wa meno akamwona amepauka, akamtoa damu ipelekwe maabara, halafu akamwambia, "Kaa hapo kwenye kiti, binti, majibu yakija tunang'oa." Foleni ilikuwa ndefu, watu wananung'unika, na koleo lilikuwa limeshachemshwa.

Damu ile ilifika maabara katika vichupa viwili. Cha kifuniko cha zambarau kina dawa ndani yake, damu isigande. Cha kifuniko chekundu hakina. Damu yake sharti igande, itulie chini kama ini, maji yake yapande juu ndiyo yapimwe. Siwema alikichukua kile chekundu baada ya kukisubirisha vya kutosha, akakiinamisha. Damu ikateremka kama chai.

"Wamemimina tena hao," mwenzake wa meza ileile akasema bila hata kuinua kichwa. "Zambarau imejaa sana, wakapunguzia kwenye nyekundu. Tupa, dada, waambie watoe nyingine."

Na kweli ilikuwa imewahi kutokea, si mara moja. Utaratibu wao ulikuwa wazi: nyekundu isiyoganda ni uzembe wa wodini, inatupwa, inaombwa mpya. Siwema angeweza kuitupa. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini akajiuliza: nani kasema wamemimina? Dawa ya kwenye zambarau ni chumvi ya potasiamu, na huwa inaimeza kalsiamu yote ya damu. Kama damu hii imetoka humo, potasiamu itakuwa juu ya paa na kalsiamu itakuwa sakafuni. Akaizungusha mashineni, akaipima. Potasiamu ya kawaida. Kalsiamu ya kawaida.

"Hakuna aliyemimina," akasema. "Damu yenyewe ndiyo inayokataa kuganda. Huyu mtu yuko wapi?"

"Kwenye meno."

Oneni mwanamke anavyokimbia! Koti jeupe linapepea nyuma, kandambili moja imebaki kwenye ngazi, glavu bado mikononi. Alipousukuma mlango, mdomo wa Tusajigwe ulikuwa wazi na koleo limeingia.

"Dokta, toa hicho chuma!"

"Wewe ni nani unayenifundisha kazi?"

"Ukiling'oa hilo jino, shimo lake halitafunga. Atatoka damu mpaka iishe. Toa, nakuomba, halafu nitukane ukitaka."

Daktari akatoa koleo. Hakumtukana.

Basi kichupa cha zambarau kikafika kwa Dokta Kokubelwa, na maneno ya Siwema yamekitangulia. Tone moja kwenye kioo, likapakwa jembamba, likakaushwa, likatiwa rangi. Chini ya hadubini zikajaa chembe nyeupe changa, chembe ambazo hazikupaswa kutoka nje ya uboho wa mifupa kabla ya kukomaa. Wakubwa wa wodini, ambako Tusajigwe alikuwa ameshalazwa, wakaambiwa, nao wakatikisa vichwa: saratani ya damu, lukemia ya ghafla. Dripu ya dawa kali ikachanganywa.

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, nisameheni. Watu wanasema "saratani ya damu" kama vile ni jina la mtu mmoja. Si mtu mmoja, ni ukoo! Iko ya ghafla na iko ya polepole. Iko inayoanzia kwenye chembe za aina hii na iko inayoanzia kwenye za aina ile, na kila nyumba ina watoto wake, na dawa inayomtuliza mmoja inaweza kumchokoza mwingine. Ukimwita mgonjwa kwa jina la ukoo tu, unamtibu kwa kubahatisha.

Dokta Kokubelwa angeweza kunyamaza. Alikwisha sema lukemia ya ghafla, na hakuwa amekosea. Lakini lile jambo la damu kukataa kuganda lilimkaa kichwani. Akarudi kwenye kioo, akakipitia kipande kwa kipande, chembe kwa chembe, shingo imekakamaa. Mara akapiga meza.

"Kuni!"

"Dokta, u mzima?" akauliza msaidizi wake.

"Njoo uone. Mzigo wa kuni!"

Ndani ya chembe moja vilikuwa vijiti vyembamba, vimelaliana, vimebanana, kama mzigo wa mwanamke anayetoka msituni. Kisha akaona chembe ya pili. Kisha ya tatu. Akainyakua simu.

"Wodini? Dripu imeshatundikwa?"

"Tunatundika sasa hivi, Dokta."

"Ishusheni. Lukemia hii ni ile ya kuvujisha damu. Mkizipasua chembe hizi na dawa hiyo peke yake, zitamwaga vitu vilivyo tumboni mwao, vya kumaliza kabisa mgando aliobakiwa nao. Anataka vidonge, vile vya jamii ya vitamini A. Havizipasui, vinazifundisha kukua. Mwongezeeni na chembe za kugandisha damu. Leo. Sasa."

"Dokta, una hakika? Lukemia ya ghafla zote tunaanza na dripu."

"Mtoto wako akiugua tumbo unampa dawa ya jirani?"

Dripu ikashushwa. Vidonge vichache vilikuwapo kabatini, vya kuanzia. Vingine vilikuwa bohari kuu, na bohari kuu haina mchezo: dawa ile haitoki mpaka vinasaba vithibitishe.

Basi kichupa kikapanda ghorofani kwa Hamad. Ugonjwa huu una alama yake: kromosomu mbili, ya kumi na tano na ya kumi na saba, zinakatika na kubadilishana vipande, na pale vinapoungwa panabaki kovu. Ukiliona kovu, umeuona ugonjwa. Hamad akapima. Mashine ikamaliza kazi yake. Kimya. Sampuli ya kulinganishia iliwaka vizuri, kuonyesha kwamba kipimo ni kizima; ya Tusajigwe ilikuwa giza tupu.

Simu kutoka wodini ikalia. "Vipi, kaka Hamad?"

"Haionekani."

"Kwa hiyo Dokta Kokubelwa kaona kuni za kwao Bukoba. Tusaini, vidonge visimame, turudi kwenye dripu yetu."

Hamad angeweza kusaini. Kipimo kimefanyika, kimekaguliwa, kimesema hapana. Lakini ubishi, jamani! "Ngoja," akasema. "Mashine imesema haijaona kovu *hapa*. Haijasema halipo."

"Mpemba, unabishana na mashine?"

"Nabishana na wewe. Mashine nimeshamaliza nayo."

Alijua kwamba kovu lile halikai mahali pamoja kwa watu wote. Kipimo walichozoea kilitafuta pale linapokaa kwa wengi. Kwa wachache, kromosomu hukatikia sehemu nyingine, kovu likawa fupi, nacho kikapita juu yake kama kipofu. Kwenye jokofu lao kilikuwamo kipimo cha hilo kovu fupi, kimenunuliwa kwa utafiti, hakijaombwa na mtu. Hamad akakifungua. Akapima upya, amesimama, kwa maana kukaa kulimshinda.

Mstari ukapanda! Ukapanda wima kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo! Hamad akapiga ukelele, akatoka mbio, akamkumbatia mtu wa kwanza aliyekutana naye, naye alikuwa Siwema na kikombe cha chai. Chai yote kwenye koti.

"Una wazimu?"

"Lipo! Kovu lipo! Fupi!"

Siwema naye akapiga vigelegele, na chai yake inachuruzika.

Bohari ikatoa vidonge. Fizi zikaacha kuvuja. Zile chembe changa zikakua, zikazeeka, zikafa kama chembe nyingine za watu wazima. Miezi ikapita ya dawa, na Hamad alipolitafuta tena lile kovu, fupi kwa refu, hakulikuta. Tusajigwe amepona. Hata jino lile liliacha kuuma, yuko nalo mpaka leo.

Ndipo Mzee Ambakisye akashuka kutoka milimani Rungwe na mtamba.

"Ndaga fijo," alisema, kofia kifuani. "Asanteni sana. Katika ukoo wetu, mtu akikurudishia mwana unampa mtamba. Wala si malipo. Mtamba huyu akifungwa mlangoni kwako, wewe na mimi ni ndugu. Ukioza mwana, nakaa mbele. Nikifa, udongo wa kwanza unatupa wewe. Na mtamba wa namna hii haendi nyumba mbili, maana mtu hana vifo viwili. Nionyesheni aliyemrudisha mwanangu."

Hapo ndipo alipouliza lile swali, na hapo ndipo umati ulipogeuka kumtazama ng'ombe. Lakini wale watatu walikuwa na la kusema.

"Mzee, shikamoo," akaanza Siwema. "Bila mimi, mwanao angefia kwenye kiti cha meno. Hawa wawili wangempima nani? Marehemu?"

"Dada Siwema, wewe ulimzuia asiuawe na koleo," akasema Dokta Kokubelwa. "Ugonjwa uliuacha palepale ulipoukuta. Mimi ndiye niliyeuita kwa jina lake ukaitika."

"Ukaitika kwa nani?" Hamad akadakia. "Walikuwa wanakucheka, Dokta! Kuni za Bukoba! Kidonge cha kabatini kilikuwa kinaishia, na wodini walishashika kalamu. Bila mimi ungekuwa umeona kweli, na binti amekufa kweli."

"Na bila kuni zangu ungebishana kwa sababu gani?"

"Na bila mbio zangu," akasema Siwema, "nyote mngekuwa mnakunywa chai. Hata yangu Hamad aliimwaga."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, maisha ni yako. Sema wewe."

Tusajigwe akamshika mtamba shingoni.

"Baba, usinipe kazi hiyo. Nikimtaja mmoja, nimewaambia wawili kwamba hata bila wao ningepona."

"Basi turudi naye nyumbani?"

"Tukirudi naye tumewatukana wote watatu. Umenifundisha wewe."

Mzee akaifunga kamba kwenye nguzo ya maabara, mahali pasipo pa mtu yeyote. Akasema atalala kwa mpwa wake, na Jumamosi atapanda gari kurudi Rungwe, na kabla ya kupanda lazima awe na ndugu.

Sasa nawaona wengine mnavyonyanyua midomo. Wewe unayetaka kusema "ni kazi yao, wanalipwa mshahara", mshahara unalipa kupima. Siwema alilipwa kutupa ile nyekundu, Kokubelwa alilipwa kusema lukemia, Hamad alilipwa kusaini, na wote watatu wangepata mshahara uleule binti akiwa kaburini. Wewe unayesema wamchinje wagawane, hujamsikia mzee: anagawa undugu, na undugu hauna paja wala mbavu. Na wewe unayejibu haraka "daktari, bila shaka", kwa sababu tu umesikia neno Dokta, kaa chini uanze kufikiri upya.

Aliyezuia kifo cha kwanza kabla yeyote hajajua kwamba kipo? Aliyekiita kifo cha pili kwa jina lake wakati wakubwa wametosheka na jina la ukoo? Au aliyekataa neno "hapana" wakati kila mtu, pamoja na mashine yake mwenyewe, alikuwa amelikubali?

Mzee hatakubali majina matatu, wala mimi sitayapokea. Kama kamba ingekuwa mkononi mwako, ungeifunga kwa nani? Naomba usimame, utaje jina moja, kwa sauti ya kutosha kufika kwa wale wawili utakaowaacha.