Kufuli Kwenye Boneti

“Kinachovuja kikiwa moto, usikikague kikiwa baridi.”

Maneno hayo wajukuu wa Bibi Tusekile waliyasikia mchana ule kwenye kikao cha kusuluhisha ndoa ya jirani. Mshenga aliyatamka mara moja tu, wazee wakatazamana, kikao kikaahirishwa. Jioni, wakimenya maharage mabichi pamoja na bibi yao, wakamuuliza: ni kitu gani hicho kinachovuja, na nani alikikagua?

“Msemo huo si wa mababu,” Bibi akasema. “Ulizaliwa hapa hapa Kapyana, nami nikishuhudia kwa macho yangu. Aliyeuzaa alikuwa seremala, na chanzo chake ni hiki.”

Zamani hizo Kapyana hakukuwa na gari. Mwanamke akishikwa na uchungu alibebwa kwenye machela mpaka barabarani, akangoja lori la majani ya chai limhurumie. Mwaka mmoja wakafia njiani wanawake wawili. Ndipo wanakijiji walipokubaliana kwamba kila nyumba itoe mkungu wa ndizi kila siku ya gulio. Baada ya miaka mitatu ya mikungu wakapata pikapu kuukuu, ya kupeleka wajawazito hospitali iliyo ng’ambo ya mlima. Mwenyekiti wa kamati ya gari akawa Mzee Asajile, seremala ambaye hakuwahi kupokea ubao bila kuupima mara mbili. Dereva akawa Ambakisye, kwa sababu hakuna mwingine kijijini aliyejua kuendesha.

Jambo hilo la dereva lilimnyima Asajile raha tangu siku ya kwanza. Ambakisye aliwahi kufukuzwa kwenye shamba la chai kwa kunyonya dizeli ya trekta. “Mkono uliozoea kunyonya,” Asajile alimwambia mkewe, “hauachi kupapasa.”

Basi gari likaanza kuchemsha. Kila likipanda mlima, mshale wa joto ulikimbilia kwenye nyekundu, na kila likirudi, maji ya rejeta yalikuwa yamepungua. Ambakisye alitoa taarifa mwenyewe. Asajile alimsikiliza huku akimtazama vidole.

Kesho yake alfajiri, umande ukiwa bado kwenye migomba, Asajile alifika nyumbani kwa Ambakisye ambako gari lililala. Akafungua rejeta, akatumbukiza rula yake ya mbao, akapiga alama ya penseli. Akapapasa mipira yote ya maji: mikavu. Siku iliyofuata akatandika majani makavu ya mgomba chini ya gari usiku kucha. Asubuhi aliyageuza moja moja. Hakuna tone hata moja. Lakini rula ilionyesha maji yamepungua upana wa vidole vitatu katika safari ya jana.

“Chombo kinachovuja hulowesha chini,” akawaza. “Chini ni pakavu. Basi haya maji yana mtu.”

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Ambakisye alianza kubeba madumu mawili ya maji nyuma ya gari, na Asajile akasema moyoni: mwizi anarudisha alichoiba ili asishukiwe. Dalali wa magari kutoka mjini alionekana akinywa chai kwa Ambakisye. Aha! Anataka gari lionekane bovu, kijiji kilitupe, yeye na dalali waliokote.

Ambakisye alimjia siku moja kwenye karakana yake. “Mzee wangu, gari halisemi likiwa limelala. Twende wote mlimani. Likianza kupata joto mimi nitabaki ndani nikipiga resi, wewe utafungua boneti utazame. Mtu mmoja hawezi. Nikishuka kukagua, nimeshazima, na kila kitu kimekauka.”

“Nishuke mimi, wewe ubaki na usukani?” Asajile akacheka bila kufungua meno. “Mwanangu, mimi hukagua asubuhi, saa ya akili. Mlimani utanionyesha moshi.”

Siku ile ile akatoboa boneti, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni, na maji akawa anajaza yeye mwenyewe kila asubuhi.

Safari iliyofuata maji yakapungua tena.

Asajile alikaa kitandani akiutazama ule ufunguo. Nani aliugusa? Alilala nao. Alioga nao? Hapana, wakati wa kuoga aliuning’iniza kwenye msumari. Na msumari ulikuwa jikoni. Na jikoni alikuwepo nani?

“Mama Subilaga,” akauliza polepole, “juzi nilipokuwa naoga, nani alipita hapa?”

Mkewe, Tupokigwe, aliweka mwiko chini. “Nilipita mimi. Nikachukua ufunguo, nikakimbia hadi kwa Ambakisye, nikanywa maji ya rejeta, nikarudi kukupikia. Nilikuwa na kiu kweli.”

“Sikutanii.”

“Mimi nakutania? Baba Subilaga, kesho utamshuku na jogoo.”

Aliandika barua kuitisha mkutano wa kijiji Jumapili. Ajenda ilikuwa moja: kumnyang’anya Ambakisye gari.

Lakini Alhamisi, jua likiwa la utosi, binti yake Subilaga akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, wiki mbili kabla ya siku yake. Chupa ya uzazi ilikuwa imeshapasuka na mkunga hakupenda alivyolala mtoto. “Hospitali,” akasema, “na msikae kuzungumza.”

Wakamlaza nyuma juu ya godoro, mama yake na mkunga kando yake. Asajile akapanda mbele. Njia nzima hakutazama barabara, alitazama mikono ya Ambakisye. Mikono ikabadilisha gia, ikarudi kwenye usukani. Haikufanya kingine.

Katikati ya mlima mshale ukaanza kupanda. Ambakisye akasogea pembeni, akasimama, lakini hakuzima.

“Sasa, baba. Bado haujafika nyekundu, tunazo dakika chache. Shuka ufungue kufuli lako utazame. Mimi nitapiga resi.”

Asajile hakusogea. Binti yake alikuwa nyuma. Akishuka, mtu huyu akaondoa gari? Nyuma kukatoka sauti ya Subilaga, sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake tangu azaliwe.

“Baba!” Ambakisye akafoka. “Ukiniona mwizi, nione mwizi kesho. Leo shuka!”

Akashuka. Akasimama mbele ya gari kabisa, tumbo likigusa bamba la namba, ili gari likitaka kutoroka limpitie yeye kwanza. Akafungua kufuli. Akainua boneti.

Injini ikanguruma. Mwanzoni hakuona kitu. Mipira ni ile ile aliyoipapasa asubuhi zote. Halafu ule wa juu ukavimba kama shingo ya mtu anayebishana. Pembeni ya pete ya chuma inayoubana, mdomo mwembamba ukafunguka, mwembamba kuliko mstari wa penseli yake, ukatema uzi wa maji. Uzi huo uliruka moja kwa moja juu ya bomba la ekzosi lililowaka moto, ukalia *tss*, ukawa mvuke, ukapotea. Hakuna tone lililofika chini.

“Zima!” akapiga kelele. “Nimeuona ufa! Zima!”

Ambakisye akazima, akaja mbio. Mpira ulikuwa umeshaanza kunywea, na ule mdomo umejifunga ukiwa mkavu kama haujawahi kusema neno. Asajile akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta. Ambakisye akaupiga kofi.

“Unataka kubaki bila uso? Acha upoe.”

Wakangoja. Hakuna kungoja kurefu kama kule. Tupokigwe alimwimbia binti yake kwa sauti ya chini, mkunga akamhesabia pumzi. Kisha Ambakisye akafunika mfuniko kwa gunia lililoloweshwa, akaulegeza kidogo kidogo. Akafungua pete, akakata kwa kisu kipande kilichopasuka, akausukuma mpira mahali pake na kuukaza. Halafu akanyoosha mkono nyuma bila kutazama.

“Madumu, baba.”

Asajile akayaleta mwenyewe, yale yale aliyoyaita ushahidi. Maji yakaingia taratibu. Gari likapanda mlima wote, na mshale ukatulia. Saa kumi kasorobo Subilaga akajifungua mtoto wa kike, kwa shida, lakini wakiwa hai wote wawili.

Jumapili mkutano ukafanyika kama ulivyoitishwa. Asajile akasimama mbele ya watu, ajenda yake mkononi.

“Niliwaita niwaeleze habari za mwizi,” akasema. “Nilimkagua kila asubuhi. Hata mke wangu nikamshuku. Majani yalikuwa makavu, mipira mikavu, nami nikajiona nina akili. Gari lilikuwa likivuja mlimani, mimi nalipima likiwa limelala. Ambakisye aliniita mlimani nikakataa.”

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: “Na ile dizeli ya shamba la chai?”

Watu wakageuka. Ambakisye akasimama. “Dizeli niliiba kweli,” akasema. “Maji sikuiba.”

Asajile akaichana ajenda yake vipande viwili.

“Mmesikia,” akasema. “Nyie mnamjua mtu huyu akiwa ameketi hapa mkutanoni tu. Mimi nimekwenda naye mpaka mshale ulipopanda. Kinachovuja kikiwa moto, jamani, usikikague kikiwa baridi.”

Bibi Tusekile akamwaga maganda ya maharage kwenye ungo.

“Ndiyo maana mshenga aliahirisha kikao,” akasema mjukuu mkubwa. “Wale wawili walikuja wamevaa nguo za kanisani, wameshikana mikono.”

“Wazee wamekubaliana kwenda kukaa nao siku saba, kwenye nyumba yao yenyewe,” Bibi akajibu. “Watakula nao, watalala kwao, wataona kinapochemka. Si kwa kumtafuta wa kumlaumu. Ni kwa kutafuta penye ufa, pakazwe. Kinachovuja kikiwa moto, usikikague kikiwa baridi.”